Ahmad bin Naaman: Mzee wa Unguja Aliyepeleka Tende New York

Kurasa za magazeti yetu ya wanafunzi zimejaa habari za wanasiasa. Ukifungua toleo lolote utamkuta Nyerere, Kenyatta, Nkrumah au Lumumba. Si vibaya, lakini leo hebu tumtazame mtu wa aina nyingine kabisa: karani wa biashara, mtu wa kuhesabu mizigo na kuandika hesabu, ambaye alivuka bahari mbili na kufika Marekani kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Jina lake ni Ahmad bin Naaman Al-Kaabi.

Tarehe 30 Aprili 1840 jahazi la Sultana lilitia nanga New York. Lilikuwa limetoka Maskati na Unguja, likazunguka kusini yote ya Afrika na kukata Atlantiki. Ahmad ndiye aliyekuwa mjumbe na msimamizi wa mzigo. Anahesabiwa kuwa Mwarabu wa kwanza kutumwa kama mjumbe wa serikali katika nchi ile. Kwa hiyo wewe unayebeba dagaa, bizari na karafuu kwenye sanduku lako kila ukitoka likizo nyumbani, ujue kwamba kazi hiyo ina mwenyewe, na alishaifanya zamani.

Wengi waliosimulia habari za safari hii hupenda zaidi habari za farasi na lulu alizopelekewa Rais wa Marekani. Mimi nataka tuangalie ule mzigo wa chakula, ulivyofungwa, na nani aliuvuna. Maana siku hizi mjadala wa vifungashio visivyoharibu mazingira na chakula kilicholimwa kwa haki umepamba moto kwenye vyuo vyetu, na watu wanadhani ni jambo jipya.

Kijana wa Basra, mzee wa Unguja

Ahmad alizaliwa Basra, kusini mwa Iraki ya leo, karibu na mwaka 1784. Basra ni mji wa mitende, kwa hiyo tende alizijua tangu utotoni. Alipokua aliingia katika kazi ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na Unguja, akawa katibu wake na mtu wake wa kuaminika katika mambo ya biashara.

Ikumbukwe kwamba Sayyid Said hakuwa mtawala wa kukaa tu barazani. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa, mwenye meli zake mwenyewe, mwenye mashamba ya karafuu Unguja, na makao yake alikuwa ameshayahamishia huku kwetu. Mwaka 1833 alifunga mkataba wa urafiki na biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts, akaja Unguja kuwa konseli wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem zikawa zinakuja moja baada ya nyingine kuchukua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Sayyid Said akaona, kwa nini wao tu ndio waje? Na sisi twende. Akaitayarisha Sultana, meli iliyojengwa Bombay, akamkabidhi Ahmad.

Mzigo wa Sultana

Orodha ya mzigo ule imehifadhiwa mpaka leo. Mifuko 1,300 ya tende. Mifuko 135 ya karafuu. Marobota 100 ya kahawa ya Mokha. Marobota 21 ya mazulia ya Kiajemi. Makasha 81 ya sandarusi. Pembe za ndovu 108. Ngozi 1,000 zilizokaushwa kwa chumvi.

Ukiitazama vizuri, ni orodha ya vifungashio: mifuko, marobota, makasha. Karani wa bandarini ndivyo anavyoiona dunia. Hahesabu tende moja moja, anahesabu mifuko. Na kwa upande wa chakula, tende ndiyo iliyokuwa nyingi kupita vyote.

Hizo tende zilipakiwa Maskati. Maskati yenyewe ni majabali matupu, haina mashamba ya maana. Tende za bandari ile zilishuka kutoka bara, kwa ngamia, hasa kwa njia ya Wadi Samail, ambayo ndiyo mlango wa kuingilia nchi ya ndani wanayoiita Ad Dakhiliyah, yenye mji wa Nizwa. Samail ndiko kwenye tende maarufu ya fardh, nyeusi, ngumu kidogo, inayovumilia safari ndefu bila kuharibika. Katika karne ile ya 19 fardh ndiyo iliyokuja kupendwa sana Marekani. Upande wa mashariki, Ash Sharqiyah, katika miji ya Ibra na Bidiya, kuna tende nyingine iitwayo mabsli. Hiyo huvunwa ingali mbivu nusu, huchemshwa kwenye masufuria makubwa na kuanikwa juani, na soko lake kubwa lilikuwa Bara Hindi. Na Sur, bandari ya Sharqiyah, ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi Unguja, Lamu na Mombasa kila msimu wa kaskazi, yamejaa tende, chumvi na papa mkavu, na kurudi na kusi yakiwa na boriti. Wazee wetu wa pwani waliokulia karibu na bandari wanaikumbuka harufu yake.

Kanda la mtende

Basi tende za Omani zilifungwaje? Kifungashio cha desturi kilikuwa kanda, mfuko uliosukwa kwa majani ya mtende wenyewe. Majani hukaushwa, husukwa ukili mrefu, ukili ukashonwa duara kwa duara mpaka ukawa mfuko. Kamba ni ya mtende, na tunda ndani ni la mtende. Hakuna kilichotoka nje ya shamba.

Wale wenzetu wanaosomea uhandisi wa chakula watanielewa nikisema hii ilikuwa teknolojia kamili. Tende iliyoiva na kukauka ina sukari nyingi na maji kidogo, kwa hiyo ukungu na vijidudu havipati nafasi. Ikishindiliwa ndani ya kanda mpaka hewa itoke, wadudu nao wanapata taabu kuingia. Ukili unapitisha hewa kidogo, unyevu haukai. Kanda lililoshindiliwa linakuwa gumu kama tofali, linapangika ngamani bila kuacha nafasi, na likianguka halivunjiki.

Hata asali iliyochuruzika haikupotea. Ukitembelea ngome ya Nizwa, iliyojengwa na Imam Sultan bin Saif katika karne ya 17, au ile ya Jabrin iliyo karibu na Bahla, utaonyeshwa chumba cha tende chenye sakafu yenye mifereji midogo. Makanda yalipangwa juu kwa juu, uzito wa yale ya juu ukayakamua ya chini, asali ikafuata mfereji mpaka kwenye chombo. Ilitumika kwa chakula, na adui akija mlangoni ilichemshwa akamwagiwa.

Kanda likiisha kazi yake, lilitiwa kitu kingine au liliwashiwa moto jikoni. Likitupwa, linaoza na kurudi udongoni. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna ndugu zake: pakacha la kuti la mnazi linalosukwa dakika chache palepale shambani, kikapu cha ukili, jamvi la kuanikia karafuu. Leo Kenya wamepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2017, Tanzania Bara tangu 2019, na Omani wakaanza na mifuko ya kutumia mara moja mwaka 2021. Tunarudi polepole tulikotoka, huku tukiwalipa wataalamu watufundishe.

Lakini tusijisifu sana, na hapa ndipo pagumu.

Kile ambacho kanda halikusema

Nani aliyepanda mtende kuangua zile tende?

Katika mashamba ya Omani kulikuwa na watu wanaoitwa bayadir. Mmoja wao ni bidar. Hao ni wakulima wa kazi ya mitende: wanapandisha mbelewele za mtende dume kwenye mtende jike, wanakata makuti, wanaangalia maji ya falaj, na malipo yao ni sehemu ya mavuno. Ni kazi ngumu, lakini ni kazi yenye ujira.

Pamoja nao walikuwepo watumwa, na wengi wao walitoka kwetu. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu alichokitoa mwaka 2015, ameonyesha jinsi biashara ya tende na lulu katika Ghuba ilivyokua katika karne ya 19 kwa kutegemea mikono ya Waafrika waliopelekwa kule, na jinsi walaji wa Marekani walivyokuwa sehemu ya jambo hilo bila kujua. Majahazi yaleyale ya Sur yaliyotuletea tende yalikuwa pia yakirudi na watu. Jambo hilo liliendelea hata baada ya mikataba ya kulizuia, na baadhi ya manahodha wa Sur wakapeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Waingereza zisiwapekue, mpaka kesi ikafika mahakama ya usuluhishi ya The Hague mwaka 1905.

Ukija Unguja ni habari ileile. Mifuko 135 ya karafuu iliyopakiwa kwenye Sultana ilitoka katika kilimo kilichoendeshwa kwa kazi ya utumwa, na mwajiri wa Ahmad ndiye aliyekuwa mbele katika kilimo hicho.

Sasa chukua makanda mawili, uyaweke bandarini Maskati. Moja limejazwa na bidar aliyepata sehemu yake. La pili limejazwa na mtu aliyeibwa Nyasa. Ukili ni uleule, kamba ni ileile na uzito ni mmoja. Karani anaandika mawili. Hakuna mahali katika orodha pa kuandika tofauti yake. Hapo ndipo naona maisha ya bwana huyu yanatufaa sisi wa leo: alisimamia mzigo uliofungwa kwa namna safi kuliko vifungashio vingi vya sasa, na ndani yake mlikuwa na dhuluma ambayo hakuna kifungashio kilichoisema.

New York, 1840

Sultana ilipofika, mji ulichangamka. Watu walijazana gatini kuwashangaa mabaharia wenye vilemba. Mzigo ulikabidhiwa kampuni ya Barclay & Livingston iuze. Halmashauri ya jiji ikamkaribisha Ahmad rasmi, akatembezwa huku na kule. Mchoraji Edward Mooney akamchora, na picha ile ndiyo inayotufanya tumjue kwa sura hata leo: mzee wa makamo, kilemba, ndevu nyeusi, macho matulivu.

Zawadi za Sayyid Said kwa Rais Martin Van Buren, pamoja na farasi wawili wa Kiarabu, zilileta mtafaruku. Katiba ya Marekani haimruhusu Rais kupokea zawadi kutoka kwa mfalme wa nje bila idhini ya Kongresi. Ikabidi Kongresi ikae na kuamua zipokewe kwa jina la nchi. Nahodha naye, Mwingereza William Sleeman, alikuwa mlevi, na meli ilikuwa imechoka kwa safari. Serikali ya Marekani ikaitengeneza katika karakana ya jeshi la majini Brooklyn, kwa gharama yake.

Wakati huohuo, si mbali na hapo, katika mji wa New Haven, Waafrika wa meli ya Amistad walikuwa kizuizini. Walikuwa wametekwa Afrika Magharibi, wakauzwa Cuba, wakaiteka meli iliyowabeba mwaka 1839, na sasa wakisubiri mahakama iamue kama ni watu au ni mali. Mahakama Kuu iliwaachia huru Machi 1841. Kesi yao ilikuwa ikizungumzwa kila mahali mwaka ule Ahmad alipokuwa New York.

Kuna jingine. Mwaka 1838 kule Philadelphia kilikuwa kimeundwa chama cha watu waliokataa kununua kitu chochote kilichotokana na kazi ya watumwa. Walitafuta sukari, mchele na pamba vya wakulima huru, wakafungua maduka yao, wakalipa bei ya juu. Kabla yao, huko Uingereza katika miaka ya 1820, akina mama waliopinga utumwa walikuwa wakiweka mezani bakuli za sukari zilizoandikwa kwamba sukari ile haikutoka kwa watumwa. Kwa hiyo lebo tunazoziona leo kwenye kahawa na chokoleti katika maduka ya huku zina mababu. Swali la nani aliyelima lilikuwa limeshaulizwa. Ila liliulizwa juu ya sukari ya Karibi na pamba ya kusini mwa Marekani. Tende za Maskati hazikuwamo katika hesabu hiyo.

Safari ya kurudi

Tarehe 9 Agosti 1840 Sultana iling'oa nanga. Safari hii usukani alishika Sandwith Drinker, mtu wa Philadelphia, ambaye aliandika kumbukumbu za safari nzima. Ndani ya meli kulikuwa na marobota ya kitambaa, shanga, bunduki, sahani, na zawadi za kumrudishia Sayyid Said, ikiwemo mashua nzuri na vioo vikubwa.

Kitambaa kile ndicho tulichokiita merikani, na jina limebaki katika lugha yetu. Kilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini, Waafrika kama sisi. Fikiria basi: meli ilikwenda na jasho la mtumwa wa upande huu, ikarudi na jasho la mtumwa wa upande ule. Katika njia zote mbili mzigo ulikuwa umefungwa vizuri, umehesabiwa, na hesabu haikukosewa.

Desemba 1840 walifika Unguja. Ahmad aliendelea kumtumikia Sayyid Said mpaka bwana wake huyo alipofia baharini mwaka 1856, kisha akaishi zama za Sayyid Majid. Alifariki Unguja mwaka 1869. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondolewa kisheria visiwani mwaka 1897. Omani ulifutwa rasmi mwaka 1970.

Biashara ya tende na Marekani haikufa naye. Iliendelea kukua, na kifungashio kikabadilika. Basra wakaanza kutumia makasha ya mbao kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Kisha kampuni ya Hills Brothers ya New York ikaanza kuuza tende katika boksi dogo lenye picha ya ngamia. Kwa mara ya kwanza kifungashio kikaanza kumsimulia mlaji hadithi, na hadithi yenyewe ikawa ya ngamia jangwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani wakachukua machipukizi ya mitende kutoka Ghuba na Afrika Kaskazini, wakayapanda California. Soko la fardh likapungua mpaka likaisha.

Yanayotuhusu sisi

Miongoni mwetu wapo wanaosomea usanifu, biashara na kilimo. Wapo wanaopanga kuuza asali ya Tabora, kahawa ya Mlima Elgon au karafuu za Pemba huku ughaibuni, na mazungumzo yao mengi ni juu ya boksi: karatasi gani, rangi gani, liwe linaoza au la. Ni mazungumzo mazuri. Lakini ukili ulishajibu swali hilo karne nyingi zilizopita, na jibu lake halikumsaidia aliyekuwa juu ya mtende.

Kwa hiyo kabla hujachora picha ya mkeka au ya ngamia kwenye lebo yako, tafuta nafasi ya maneno machache yasiyo na mapambo: shamba gani, mwaka gani wa mavuno, aliyevuna alilipwa kiasi gani kwa kilo. Kama huyajui, rudi kwa aliyekuuzia umuulize. Kama hataki kusema, hilo nalo ni jibu. Na sisi walaji, Ramadhani ikija tukinunua tende dukani, tugeuze boksi upande wa nyuma. Tusome kama kuna zaidi ya jina la nchi na tarehe ya kuharibika.

Ahmad bin Naaman alikuwa mtu mwaminifu katika kazi yake, hodari, na mwenye haki ya kukumbukwa na kila Mwafrika Mashariki anayeshuka uwanja wa ndege wa New York. Aliulizwa mifuko ni mingapi, akajibu sawasawa. Sisi tuna uwezo wa kuuliza zaidi ya alivyoulizwa yeye, kwa sababu simu tu inatosha kumfikia mkulima wa Pemba au bidar wa Samail. Atakayeanza biashara hiyo na akalijaribu jambo hili, naomba atuandikie katika toleo lijalo atueleze lebo yake ilisomekaje na wateja walisemaje.